Kwaya za Mpakani Zinahitaji Shule Kabla ya Kombe

Kwaya nyingi za Busia na Tororo zinaimba vizuri, na karibu zote zinategemea kichwa cha mtu mmoja. Mtu huyo ni mwalimu wa kwaya. Yeye ndiye anayejua kusoma nota, au angalau ndiye aliyepewa wimbo na rafiki yake wa Mumias au Mbale. Jumamosi alasiri anasimama mbele na kuimba mstari wa sauti ya kwanza, wanawake wanaurudia mpaka ukae. Anahamia sauti ya pili, kisha teno, kisha besi. Siku hizi hutuma rekodi kwenye simu, kila sauti na rekodi yake, na waimbaji hukariri huku wakichambua mboga au wakisubiri abiria kwenye stendi ya boda boda. Jumapili wimbo unatoka, vigelegele vinapigwa, na hakuna anayejiuliza ni wangapi kati ya waimbaji wale wangeweza kuufungua ukurasa na kuuanzisha wimbo huo bila mwalimu.

Kisha mwalimu anaondoka. Hapa mpakani watu huondoka sana. Mwalimu wa shule anapewa uhamisho, karani wa forodha anafuata kazi Mombasa au Kampala, kijana mpiga kinanda anapata mkataba Qatar. Kwaya inabaki na nyimbo zilezile ilizozikariri, na kila mwezi zinazidi kupinda. Besi inasahau mstari wake na kufuata sauti ya kwanza, nota ndefu zinakatwa, pumziko linarukwa. Nimeona kwaya iliyosifika kwa sauti nne ikirudi kuimba sauti moja kabla mwaka haujaisha. Ni sawa na nyumba iliyoweka mbegu zake zote katika chungu kimoja.

Naamini dawa ipo, na si ghali. Kila mwaka, wakati wa likizo, makanisa ya Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na ya Tororo yaandae shule ya kwaya ya wiki moja. Watoto na watu wazima wakae pamoja, na kazi ya kwanza ya wiki hiyo iwe kusoma nota. Wimbo mpya wa Krismasi unaweza kungoja, na mashindano pia yangoje.

Nilizaliwa Funyula, nikaolewa Tororo kwa Jopadhola, na nilifundisha shule za msingi mpaka nilipostaafu. Tangu usichana wangu naimba sauti ya pili. Kaka na dada zangu wako Kenya, wanangu na wajukuu wako Uganda, na nimekaa mbele ya kwaya za pande zote mbili, za Kikatoliki na za Kianglikana. Nota nilifundishwa na katekista mmoja mzee, naye alifundishwa na mapadri wa Mill Hill. Alikuwa ameandika ngazi ya sauti kwa rangi nyeusi juu ya gunia la unga lililopasuliwa: do chini, re juu yake, mi, fa, so, la, ti, mpaka do ya juu. Gunia lilining'inia ukutani, naye alishika fimbo ya mpera. Siku za mwanzo hatukuimba wimbo wowote. Fimbo ikigusa so, tunaimba so. Ikiruka kutoka do hadi la, tunaruka nayo, na akisikia tumeteleza anairudisha fimbo do na kungoja. Hakupaza sauti hata siku moja. Baadaye alilikunja gunia akatuonyesha sauti kwa mkono mtupu, kisha akaandika herufi ubaoni, kisha akatugawia karatasi.

Likizo ile ilipoisha, watoto tusiokuwa na hata kinanda cha mkono tulipewa ukurasa ambao hatukuwahi kuuona, tukauimba. Hatukuuimba bila kasoro, lakini tuliufikisha mwisho, sauti zote nne. Tangu siku hiyo sikuwahi kuwa mateka wa mwalimu yeyote wa kwaya. Nilipohama, nilihama na muziki wangu. Nilipofika kwa mama mkwe, ambaye Kisamia alikuwa hakijui na mimi Dhopadhola sikuijua bado, tuliweza kusimama bega kwa bega kanisani kwa sababu karatasi ilikuwa na herufi ninazozijua.

Mfumo huo wa solfa una historia ninayoipenda. Aliyeubuni ni mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliyetaka kuwafundisha watoto kuimba. Mchungaji John Curwen aliuchukua katika miaka ya 1840, akautengeneza na kuusambaza kwa ajili ya shule za Jumapili. Uliwalenga watoto na wafanyakazi ambao hawakuwa na pesa za vitabu vya muziki, sembuse kinanda. Nota zake ni herufi, nukta na mkato, kwa hiyo mtu mwenye taipureta anaweza kuzichapa, na wimbo mzima wa sauti nne hukaa kwenye upande mmoja wa karatasi ya kawaida. Ndiyo maana wamisionari waliubeba mpaka Afrika, na ndiyo maana ulikaa. Wapo wataalamu wanaoudharau, wanasema mwimbaji wa kweli husoma mistari mitano. Anayetaka kupiga kinanda aisome, namhimiza. Lakini mama anayeuza omena soko la Sofia mjini Busia, mwenye saa mbili tu za mazoezi kwa wiki, solfa itamfikisha mbali. Na aliyeijua solfa vizuri huifikia mistari mitano upesi, kwa kuwa sikio lake tayari linajua umbali wa kutoka sauti moja hadi nyingine.

Kilichotuondoa kwenye gunia lile si simu. Simu zilikuta tumeshaondoka. Kilichotuondoa ni mashindano.

Mwaka 1927 mambo mawili yalianza, moja mbali na jingine. Huko Uingereza, Sydney Nicholson, aliyekuwa mpiga kinanda wa Westminster Abbey, alianzisha shule ya muziki wa kanisa baada ya kuona kwaya za parokia za kawaida zinaimba ovyo. Aliiacha kazi yake yenye heshima ili azihudumie kwaya hizo. Shule hiyo, ambayo tangu 1945 inaitwa Royal School of Church Music, hadi leo huandaa kozi za likizo ya kiangazi ambamo watoto, vijana na watu wazima hukaa pamoja kwa siku kadhaa, wakijifunza kusoma, kupumua na kuimba ibada. Mwaka huohuo wa 1927, Kenya ilianza tamasha lake la muziki, ambalo leo linazileta shule na vyuo kutoka kila kona ya nchi. Tamasha hilo limetupa mengi. Limewakuza watunzi, na limezihifadhi nyimbo za makabila ambazo zingepotea. Sina neno nalo. Ila makanisa yetu yaliiga tamasha yakaacha shule. Kila dayosisi na kila jimbo limepata mashindano yake ya kwaya, na kombe lake, na ugomvi wake baada ya matokeo.

Tazameni mwaka wa kwaya inayoshindana. Wimbo wa lazima unatangazwa, na kwa miezi kadhaa kwaya inaimba huo na mwingine wa kujichagulia. Wenye sauti dhaifu wanaombwa wakae pembeni mpaka siku ipite. Watoto hawahitajiki kabisa. Anatafutwa mwalimu wa kukodi, mara nyingi kutoka mji mwingine, anakuja wiki za mwisho kupiga msasa, analipwa, anaondoka. Michango inakwenda kwenye sare mpya na basi la kukodi. Siku inafika, kwaya inaimba dakika kumi. Ikishinda, inarudia safari hiyo ngazi ya juu. Ikishindwa, nusu ya waimbaji hawaonekani mpaka Pasaka. Na mwisho wa yote haya hakuna mwimbaji hata mmoja aliyejua kitu ambacho hakukijua Januari, ila nyimbo mbili.

Kwa upande wetu Wakatoliki, hatuwezi kusema hatukuambiwa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, iliagiza kwamba waimbaji wafundishwe, ikataja watoto waziwazi, na ikataka muziki ufundishwe seminarini. Ilisema pia kwamba katika nchi za misioni muziki wa wenyeji upewe nafasi yake katika ibada. Hili la pili tulilipokea kwa mikono miwili, na ngoma zikaingia kanisani. La kwanza limebaki kwenye karatasi.

Sasa niseme kuhusu watoto, maana hapo ndipo penye moyo wangu.

Katika parokia nyingi watoto wana kwaya yao ya Misa ya watoto, nao hucheza kwa madaha wakati wa vipaji, na waumini hufurahi. Lakini sikilizeni wanavyoimba. Kinanda kimewekwa kwenye sauti ya mtu mzima, kipaza sauti kiko karibu na mdomo, na mtoto wa miaka tisa analazimika kuimba chini mno kwa nguvu ya kifua. Anapiga kelele kwa sababu hapo chini hana sauti nyingine. Mishipa ya shingo inamtoka. Hakuna aliyemwambia kwamba anayo sauti ya kichwani, nyepesi na ndefu, itakayopaa bila kumchosha. Mpandishie wimbo huohuo nota nne, mwambie aimbe kama anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde lakini bila kukaza shingo, na utasikia mtoto mwingine kabisa. Hilo hufundishwa asubuhi moja.

Wavulana wanatupotea kwa njia mbaya zaidi. Wakifika miaka kumi na tatu au kumi na minne sauti inaanza kushuka na kukwaruza, wenzao wanawacheka, na mwalimu, kwa kukosa la kufanya, anawaambia wapumzike kwanza. Hawarudi. Baada ya miaka kumi tunalalamika kwamba teno hakuna, besi ni wazee watatu. Kijana wa umri huo hahitaji kufukuzwa. Anahitaji mstari mfupi wenye nota chache unaokaa pale ambapo sauti yake iko mwezi huo, na mwanamume mzima wa kusimama karibu naye. Ndiyo maana nasisitiza watoto na watu wazima wawe shule moja. Mtoto husoma nota haraka kuliko mama yake, naye mama anajua jinsi ya kupumua katika sentensi ndefu ya zaburi na lini wimbo wa matanga uimbwe polepole. Nimemwona mjukuu wangu akimwekea bibi mmoja kidole kwenye mstari ili asipotee, na bibi yuleyule akimshika bega asiharakishe.

Wengi hunitajia samaki na kukunjwa angali mbichi wakitaka kuwaondoa watu wazima darasani. Wanasema wazee wamekauka. Si kweli. Nimewafundisha wanawake wa miaka hamsini ambao hawakumaliza shule ya msingi, wakasoma solfa mwishoni mwa wiki moja ya mazoezi ya kila siku. Wanaijua bei ya kila kitu kwa shilingi ya Kenya na ya Uganda kwa wakati mmoja, wanageuza moja kuwa nyingine kichwani wakati mteja bado anafikiri. Herufi saba ziwashinde?

Kuhusu watoto kuna deni jingine. Uganda ilifunga shule tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, na makanisa nayo yalinyamaza kwa vipindi virefu. Mtoto aliyekuwa na miaka minane, umri hasa wa kuingia kwaya, alipofunguliwa mlango alikuwa na kumi, wengine wakiwa wameshaingia kwenye biashara ya kuvusha mizigo. Kundi hilo sasa ni vijana. Wengi wao hawakuwahi kuimba na mtu mzima yeyote. Bado tunaweza kuwapata, lakini si kwa miaka mingi ijayo.

Nijibu swali la lini, maana hapo ndipo mipango mingi ya mpakani hufa. Wenzetu wa Ulaya wana kiangazi chao cha Julai na Agosti, na shule zao zote ziko likizo. Watu wakisikia habari hiyo hupanga Agosti. Lakini Agosti wanafunzi wa Kenya wako nyumbani huku wa Uganda wakiwa bado wanamaliza muhula wa pili, na Waganda wanapofunga, Wakenya wanafungua. Aprili Kenya iko likizo na Uganda iko darasani; Mei ni kinyume chake. Semina ya pamoja ikipangwa katika miezi hiyo, lazima upande mmoja ulete watu wazima peke yao. Kipindi pekee ambacho watoto wa nchi zote mbili wako nyumbani kwa wiki kadhaa ni Desemba hadi mwanzo wa Januari. Kwa hiyo shule hii iwe katikati ya Desemba, baada ya Uganda kufunga muhula wa tatu.

Nawasikia walimu wa kwaya wakisema Desemba ni mwezi wa maandalizi ya Krismasi. Vema, nyimbo za Krismasi ziwe vitabu vya mazoezi. Kila mmoja afike na karatasi asiyoijua, ajifunze kuisoma, aende kuiimba kwake tarehe 25. Hakuna mazoezi bora kuliko yale yenye tarehe.

Na iwe wapi? Mwaka mmoja Tororo, mwaka mmoja Busia. Desemba mabweni ya shule zetu ni matupu, vitanda vipo, majiko yapo. Tangu 2014 Mkenya na Mganda mtu mzima huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa Busia mwaka 2018, msafiri hukaguliwa mara moja chini ya paa moja. Watoto waandaliwe barua za wazazi na za parokia, na maofisa wa uhamiaji wapewe orodha mapema. Ukipanda matatu Busia upande wa Uganda, saa haijaisha unaliona jabali la Tororo juu yako. Wafanyabiashara wetu huvuka kila siku na magunia ya mahindi na marobota ya mitumba. Kwaya haina mzigo mzito kuliko huo.

Kuna anayeuliza kwa nini tusifanye kila upande wake. Kwa sababu kanisa la hapa lilizaliwa moja. Mpaka wenyewe ni mtoto: hadi 1902 nchi yote hii mpaka Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda, ndipo Waingereza wakaihamishia upande wa pili kwa kalamu, Wateso na Wasamia wakagawanyika. Mapadri wa Mill Hill waliopewa eneo la Upper Nile mwaka 1894 waliendelea kuhudumu pande zote mbili kutoka Uganda, hadi Kavirondo, yaani upande wa Kenya, ilipotengwa mwaka 1925. Leo Busia ya Uganda iko chini ya Jimbo Kuu la Tororo, na Busia ya Kenya iko chini ya Jimbo la Bungoma. Kila upande una wimbo ambao mwingine hauna. Kwa Wateso akogo bado inapigwa Tororo kwa ustadi ambao vijana wa Teso ya Kenya wangepaswa kuuona kwa macho, vidole gumba viwili vikicheza juu ya vyuma. Ngoma ndefu ya fumbo ya Jopadhola sijaisikia ikipigwa kanisani Busia ya Kenya hata mara moja, na inauma, kwa kuwa iko umbali wa nauli ndogo. Nasi Wasamia tuna nyimbo za mazishi ambazo Waganda huniomba nizirudie kila ninapoimba.

Lugha haitatuzuia. Kiswahili tayari ndicho lugha ya soko letu, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Shule ya kwaya yenye walimu wanaoeleza kwa Kiswahili na nyimbo za Kiteso, Dhopadhola, Kisamia na Kiganda ingewasaidia watoto wa Tororo kukipenda Kiswahili bila kulazimishwa.

Na tusisahau kwamba muziki ulikwisha kuvuka mpaka huu kabla yetu. Mwaka 1963 Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, kazi ilipewa watu watano: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Wakachukua sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, wakaipanga kwa kwaya. Senoga-Zake alikuwa mzaliwa wa Uganda, na baadaye akaandika kitabu juu ya muziki wa asili wa Kenya ambacho walimu wetu walikitumia. Mwaka uliofuata, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, Joseph Kyagambiddwa alikuwa ameshatunga kazi yake kubwa ya kwaya kuwahusu, kwa midundo na miondoko ya Kiganda. Watu hawa walisoma na kuandika nota, ndiyo maana kazi zao zipo. Nawafikiria watunzi wa vigango vyetu, watu wenye vipaji vya kweli, ambao nyimbo zao zinazikwa nao kwa kuwa hakuna aliyeziandika.

Zipo hoja dhidi yangu. Moja husemwa kwa unyenyekevu, kwamba Roho Mtakatifu hahitaji nota. Naiheshimu, kwa kuwa wanaoisema husali kuliko mimi. Lakini Roho huyohuyo ametupa Maandiko, na hakuna kanisa linalomkataza msomaji wa Jumapili kujifunza kusoma. Nyingine ni ya madhehebu: padri anahofia kondoo wake watachukuliwa na walokole, mchungaji anahofia watoto watafundishwa rozari. Basi asubuhi tufundishane muziki sote, jioni kila mmoja asali kwa desturi yake na kiongozi wake. Fa ya Mwanglikana na fa ya Mkatoliki ziko mahali pamoja kwenye ngazi.

Hoja ya pesa nitaijibu kwa ukali kidogo. Kwaya zetu hazikosi pesa. Zinafanya harambee za sare kila baada ya muda mfupi, sare ya Pasaka, sare ya mashindano, sare ya kurekodi video. Nimekaa kwenye mikutano ambapo rangi ya kitenge ilijadiliwa hadi giza likaingia, na ombi la kununua ubao likaahirishwa. Kila kwaya ikiacha sare moja tu, mwaka mmoja tu, zitapatikana pesa za mahindi, maharagwe, kuni na nauli za walimu. Walimu hawako mbali. Vyuo vikuu vya Maseno na Kenyatta vinafundisha muziki, Makerere na Kyambogo pia, na wanafunzi wao wako likizo Desemba. Wengi ni watoto wa huku. Wakiitwa na paroko wao kwa heshima, wakalipwa kile tunachowalipa wapiga msasa wa mashindano, watakuja.

Walimu wa kwaya wenyewe wapo wanaohofia. Mwimbaji akijua kusoma atamsahihisha mwalimu mbele ya watu. Atamsahihisha, ndiyo, na kwaya itaimba vizuri zaidi. Mwalimu mwenye waimbaji wanaosoma hafundishi tena mstari mmoja mmoja kwa saa nzima. Anafika kwenye maneno, kwenye pumzi, kwenye maana ya zaburi ambayo waumini watasikia dakika chache baadaye. Kazi yake inakuwa tamu. Na akipata uhamisho, anaondoka bila hatia.

Kalenda za majimbo na dayosisi za mwaka ujao hupangwa kabla ya mwaka huu kwisha. Nawaomba Askofu Mkuu wa Tororo, Askofu wa Bungoma, na maaskofu wa Kianglikana wa Bukedi, Nambale na Katakwa waziweke siku saba za Desemba kwenye kalenda hizo, tarehe zilezile pande zote, na kila mmoja ateue mtu wa kufuatilia. Mwaka wa kwanza tuwe wachache: kila parokia ilete watoto wanne, vijana wawili wa kiume ambao sauti zao zinashuka, na watu wazima wanne ambao si walimu wa kwaya. Waje na daftari, penseli, blanketi na sahani. Darasa la sauti ya pili nitalifundisha mimi, na magunia ya kuandikia ngazi nimeshaanza kuyapasua.